Orodha ya usalama wa upasuaji: ukurasa mmoja unaowalazimisha wataalamu kuzungumza

Miongoni mwa nyenzo zinazodai kuwaunganisha wataalamu kazini, ni chache zilizoniridhisha kama orodha ya usalama wa upasuaji iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ni ukurasa mmoja wenye vipengele 19, hutolewa bila malipo, na husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijapasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani.

Vipengele kama mzio, antibiotiki na hesabu ya sindano havina jipya. Kilichonivutia ni kile kinachowataka wote waliomo wajitambulishe kwa jina na kazi, jambo ambalo baadhi ya wapasuaji huliona la kitoto, ingawa aliyekwisha kusikika mara moja huthubutu kusema tena aonapo kasoro. Kisha mpasuaji hueleza hatua anazozihofia na damu inayoweza kupotea, mtaalamu wa usingizi hutaja wasiwasi wake kuhusu mgonjwa, na muuguzi huthibitisha kwamba vifaa vimetakaswa. Mwongozo wa orodha hii humpa msimamizi mmoja, mara nyingi muuguzi, mamlaka ya kuizuia timu isiendelee hadi kila hatua itimizwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye nguvu yake, na ndipo penye ugumu pia, kwa kuwa si kila mkubwa hukubali kusimamishwa na wa chini yake.

Katika majaribio yaliyofanyika kwenye hospitali 8, ikiwamo ya Ifakara nchini Tanzania, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2009. Lakini Ontario, Kanada, ambako hospitali zilitakiwa kutangaza hadharani kiwango cha matumizi yake, utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona vifo vikishuka kwa kiwango cha maana. Nadhani agizo huweza kuleta alama za vema kwenye karatasi bila kuleta mazungumzo, na karatasi haina namna ya kutofautisha hayo mawili.

Kasoro nyingine ya orodha hii ni kwamba haigusi makabidhiano ya baadaye wodini, wala kati ya hospitali na hospitali. Hata hivyo, yenyewe inahimiza watumiaji waongeze na kurekebisha vipengele, na timu itakayoichukua ianze kwa kukubaliana ni nani atakayeisoma.