Buluu ya jua au kopo lenye tundu?

Wasanii wawili chipukizi wakitaka kuonyesha picha za majaribio hapa Bagamoyo, ubishi huwa uleule: sayanotaipu, yaani picha za buluu zinazochapwa kwa jua, au kamera ya kopo, isiyo na lenzi ila tundu dogo?

Kopo linadanganya kwa bei. Kopo la maziwa, tundu la sindano, rangi nyeusi ndani, basi. Halafu unadaiwa karatasi ya picha, dawa za kusafishia na chumba cha giza. Sayanotaipu, aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, inataka chumvi mbili za chuma, karatasi nzito, maji na jua. Jua tunalo la kumwaga.

Kwa uhakika, buluu inashinda. Laza mwani wa kijiji cha Mlingotini juu ya karatasi iliyopakwa chumvi hizo, anika juani, suuza. Anna Atkins, mtaalamu wa mimea Mwingereza, alianza kuchapa mwani hivyohivyo mwaka 1843. Kopo halitabiriki: magofu ya Kaole hutoka safi kwa kuwa hayasogei, lakini jahazi linayumba na kubaki ukungu tu. Mimi huo ukungu naupenda kuliko picha safi, lakini si kila mnunuzi ataulipia.

Kutunza ndiko kwenye mtego. Buluu hupauka kwenye mwanga mkali, na chokaa huiharibu, kwa hiyo usiigandamize kwenye ukuta mbichi wa nyumba ya kale. Picha ya kopo iliyooshwa vizuri hudumu zaidi.

Una Jumamosi moja na watoto wa shule? Shika buluu. Una chumba cha giza na miezi ya kukosea? Tafuta kopo. Ukumbi wenye madirisha makubwa, buluu ikae upande wa kivuli.