Sekretini na kolesistokinini: ipi huliamsha kongosho?

Zote mbili ni homoni za duodeni, pale utumbo mwembamba unapoanza, ila kila moja ina kichocheo chake. Sekretini hungoja asidi. Chakula kikitoka tumboni na pH ya duodeni (kipimo cha asidi; kikishuka, asidi imezidi) ikashuka chini ya 4.5, homoni hiyo huingia kwenye damu na kulifanya kongosho litoe maji mengi yenye bikaboneti, chumvi inayopunguza makali ya asidi. Asidi ikishapozwa, sekretini nayo hupungua. Mwaka 1902, jijini London, wanafiziolojia Bayliss na Starling walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi ndani yake; kongosho likatiririsha maji vilevile. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu! Kwangu mimi, fiziolojia ina majaribio machache mazuri kama hilo.

Kolesistokinini huitikia zaidi mafuta na protini. Ukila nyama ya mbuzi iliyonona, ndiyo hulifanya kongosho litoe vimeng'enya vya kusaga chakula, hubana kibofu cha nyongo na kuchelewesha tumbo kumwaga chakula.

Ningelazimika kuchagua, ningeitanguliza sekretini, maana kimeng'enya cha mafuta huharibika kwenye asidi kali. Ila zikifanya kazi pamoja, kila moja huiongezea nguvu ile nyingine.