Nyumba za kupanga ufukweni Matema: lipia mstari wa pili

Hukumu ije mwanzo, mwenye haraka asichoke. Nyumba za mstari wa kwanza Matema, zile ambazo ukifungua mlango unakanyaga mchanga, zinafaa kwa siku tatu. Anayepanga kwa miezi sita au mwaka achukue mstari wa pili, nyuma ya miembe, hatua mia moja na kitu kutoka majini. Kodi huwa chini, usingizi unapatikana, na ziwa haliondoki. Sababu ni nyingi, na karibu zote zinatokana na maji: yanayokuja kwa mawimbi, yanayopanda kutoka chini, na yanayodondoka juu.

Matema iko pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, chini kabisa ya Milima ya Livingstone. Mtu wa Mbeya mjini anaishi kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Akiteremka kupitia Tukuyu, Kikusya na Ipinda anafika ziwani akiwa chini ya mita 500. Mablanketi yabaki Uyole, huko huko Mbeya. Dalali akikutajia hita ya maji ya kuoga kama sifa ya nyumba, jua hajawahi kulala humo mwezi wa kumi na moja. Barabara ya kutoka Kikusya kwenda Matema imewekwa lami, kwa hiyo kuhamisha vyombo si adhabu kama zamani.

Watu waliozoea nyumba za Dar es Salaam au Tanga huanza kwa kukagua kutu. Hapa hilo si tatizo kubwa. Ziwa ni maji baridi, hakuna chumvi inayorushwa na upepo, na grili ya dirisha iliyopakwa rangi vizuri hudumu. Kagua kwingine.

Anza na upepo. Ziwa Nyasa limelala kaskazini kwenda kusini kwa zaidi ya kilomita 500, na Matema iko mwisho wa kaskazini. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane upepo wa kusini husukuma maji urefu wote huo, na nguvu yote huja kupasukia kwenye mchanga wa Matema. Wimbi linalopiga usiku kucha si lile la kwenye picha. Nyumba ya mstari wa kwanza yenye baraza inayotazama ziwa inalipokea kifua wazi: mchanga unaingia chini ya mlango, mapazia yanalowa, na bati linaanza kunyanyuka kwenye upenu. Simama nje, upande wa kusini, utazame ukingo wa paa. Misumari ya safu ya mwisho iwe na mipira yake, bati lisiwe limetobolewa upya pembeni ya tundu la zamani, na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, iwe imekamata vizuri kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Bati la geji 32 ni jepesi mno kwa upande huo; geji 28 ndilo la kutafuta, 30 inavumilika. Kumbuka namba ikipungua, bati ndiyo linazidi unene. Kuna wanaouziwa kinyume chake.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanapendeza, ila hufunguka nusu tu, na kwa joto la Kyela nusu haitoshi. Dirisha la mbao la kufungua nje linaingiza hewa yote, mradi liwe na kulabu za kulishikilia; lisipokuwa nazo, upepo wa Juni utalivunja kwenye bawaba.

Sasa maji ya chini, ambako nyumba nyingi nzuri kwa macho zinaanguka. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na kilele ni mwezi wa nne. Mvua hiyo hiyo inajaza mito, mito inajaza ziwa, na kina cha ziwa huwa juu kuelekea mwisho wa masika, kisha kushuka hadi karibu na mvua zinazofuata. Mchanga hauzuii maji: ziwa likipanda, maji yaliyo chini ya nyumba yanapanda nalo. Shimo la choo lililochimbwa Oktoba, likaonekana kavu na safi, Aprili linakuwa kisima. Choo cha kuvuta kinagoma, maji yanarudi kwenye sinki la bafuni, na fundi anayeitwa anachokoa bomba ambalo wala halijaziba.

Kipimo chake ni rahisi, na mwenye nyumba asiyekikubali amekwishajibu. Fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu na shimo. Mwaga ndoo mbili za lita 20 kwa mkupuo, halafu utazame. Maji yakishuka na kutulia ndani ya dakika moja mbili, shimo linapumua. Yakisimama na kupanda taratibu, shimo limejaa au liko ndani ya maji ya ardhini. Kulinyonya kwa gari ni kazi bure, litajaa tena wiki hiyo hiyo. Kama unakagua kiangazi, matokeo mazuri yana nusu ya thamani, kwa hiyo tazama pia ukuta wa nje: mstari wa rangi ya chai kwenye plasta, sentimita kumi au ishirini kutoka chini, ni alama ya maji yaliyowahi kusimama hapo. Rangi mpya iliyopigwa sehemu ya chini tu ya ukuta ni alama hiyo hiyo, imefunikwa.

Kisima kinafuata mantiki ile ile. Maji yako karibu, fundi anayapata baada ya mita chache, na kwa sababu hiyo yanachafuka upesi. Kati ya kisima na shimo la choo kuwe na mita 30 angalau, na uhesabu choo cha jirani pia, kwani mchanga hauheshimu mpaka wa kiwanja. Chemsha ya kunywa hata kama yanang'aa.

Kuna nyumba moja ya vyumba vitatu, mstari wa pili, inayofaa kuwa kipimo cha nyingine. Msingi wake umeinuka kozi tatu za tofali juu ya ardhi, kama sentimita 45. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa, bila marumaru zinazoteleza mtu akitoka ziwani na miguu ya maji. Dari ni ya mbao nyembamba zenye nafasi ndogo kati yake. Haina jipsamu, ambayo kwa unyevu wa huku huota madoa meusi ya ukungu msimu wa kwanza tu. Upenu umetoka karibu mita moja, kwa hiyo mvua ya upande haigusi madirisha. Baraza inatazama mashariki, milimani. Kwa kuwa milima inalikinga jua, asubuhi hapo ni kivuli kirefu, na mtu anakunywa chai bila kukunja uso. Kasoro zake ni mbili: makabati ya jikoni ya mbao za kusaga yamevimba chini hadi milango haifungi, na mita ya LUKU ni ya pamoja na duka la mbele. Hiyo ya pili irekebishwe kabla ya kusaini. Friji za soda hazilali.

Usirudi nyuma kupita kiasi ukidhani kila hatua mbali na ziwa ni usalama. Sehemu nyingi kingo ya mchanga ndiyo iliyoinuka, na nyuma yake ardhi inashuka tena kwenye majaruba ya mpunga. Nyumba ya mstari wa nne inaweza kuwa na vyura sebuleni wakati ya pili iko kavu.

Kwa mwenye mawazo ya kununua au kujenga, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hatua za mtu mzima ni kama 80. Pima kuanzia maji yanapofika masika. Nyumba kadhaa za mstari wa kwanza zimo ndani ya hatua hizo, na mpangaji aliyelipa mwaka mzima hana pa kushika siku mwenye nyumba akiambiwa abomoe. Tazama pia miembe: mizizi ikiwa nje upande wa ziwa, wimbi linakula kingo, na mti huo ndio ulikuwa ukuta wako.

Wadudu. Baadhi ya jioni huinuka ziwani wingu jeusi kama moshi wa kuni mbichi. Ni vijidudu vidogo visivyouma, ila hufuata taa kwa maelfu na kesho yake unafagia kilo nzima barazani. Zima taa za nje, funga upande wa ziwa, subiri. Mbu ni habari nyingine. Malaria Kyela ni ya mwaka mzima, na aliyekulia Makete au Mbeya mjini hana kinga ya mwenyeji, kwa hiyo wavu wa dirisha usiwe na tundu hata moja na chandarua chenye dawa kiwe kwenye kila kitanda, cha mgeni pia. Homa ikipanda usiingoje hadi Jumatatu. Hospitali ya Walutheri iko hapo hapo Matema, na hiyo ni sababu ya kweli ya kuchagua kijiji hiki kuliko fukwe nyingine za ziwa.

Kuogelea: ufukwe wa wazi wenye mchanga na mawimbi ndiyo sehemu nzuri. Penye matete na maji yaliyotuama pana konokono wa kichocho, na kwenye mlango wa mto Lufirio pana mamba, basi watoto wasipelekwe huko kwa kisingizio cha maji tulivu. Kuelekea vijiji vya Lyulilo na Ikombe mlima unashuka moja kwa moja ziwani na kina kinaongezeka ghafla. Anayeishi hapa na kuoga ziwani mara kwa mara apime kichocho. Kipimo kinasema kweli zaidi kikifanywa wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, maana mapema mno mayai huwa bado hayajaanza kuonekana.

Chakula hakihitaji maneno mengi: mchele ni wa Kyela, ndizi zinateremka kutoka Tukuyu, dagaa na mbasa wanatoka mtumbwini asubuhi. Wiki ya upepo mkali mitumbwi haitoki na samaki hupanda bei. Kelele ni za Pasaka, Krismasi na mwisho wa wiki, mjini kunapohamia huku na spika zake. Mstari wa kwanza unazisikia zote.

Mkataba uandikwe, ushuhudiwe na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Wenye nyumba hupenda miezi sita au kumi na miwili mbele, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Lipa sita, ipite masika moja. Andika wazi nani ananyonya shimo, nani anarudishia bati, na kodi inahesabiwaje maji yakiingia ndani. Mwenye nyumba mzuri atasaini na kukuambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Asiye mzuri ataanza kuhadithia mandhari.

Jambo dogo la Jumamosi. Mnada wa vyungu Lyulilo huleta kazi za Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe, na chungu cha maji ya kunywa kinastahili nafasi jikoni, kwa kuwa dhoruba za masika hukata umeme. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti ya kukwaruza kina ufa hata kama huuoni. Kijaze maji siku moja, uyamwage, kisha kiweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda, chini kupumue.