Nililipa waangalie usukani wa mashua, wakapaka graisi tu

Wenye mashua hapa Goma, someni hii mbele ya kutoa pesa yenu. Jina ya ile atelye siitaji, iko kando ya ziwa Kivu, mwenye mashua ya tanga hapa atajua. Niliwapelekea mashua yetu, ile ya volani, gurudumu ya kugeuzia, nikaomba kitu kimoja tu: angalieni njia yote ya usukani, toka volani, mnyororo wenye kuwa ndani ya nguzo, kable zote mbili, mapuli (vigurudumu vyenye kable inapitia), mpaka ile nusu duara ya chuma kule nyuma chini yenye kugeuza usukani wenyewe. Kiangazi ilikuwa inakaribia, upepo ya mchana mnaijua, na tulitaka kuvuka mpaka kisiwa cha Idjwi na watoto.

Fakture wakanipa safi kabisa, imeandikwa usukani wote umeangaliwa, na walitaka dola, franka walikataa.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Graisi! Graisi nzito kama bugali, kable zote mbili zimefunikwa, uzi hata mmoja hauonekani. Sasa mtu ameangalia nini hapo? Kable ya usukani imesukwa na nyuzi ndogo ndogo, ile ya kawaida ni vikundi 7 vya nyuzi 19, njo maana inapinda vizuri kwenye puli, na palepale inapopinda njo inaanza kukatika, uzi moja, kisha ingine, na wewe kwenye volani husikii kitu mpaka siku inaachia yote. Kwa hiyo lazima uione. Graisi inaficha, tena inashika vumbi, na vumbi yetu ya Goma ni ile nyeusi ya mawe ya volkano, inasaga kila kitu. Kable inatakiwa mafuta nyepesi, hata ile ya moteri, kidogo kwenye kitambaa unapangusia, basi, inaingia yenyewe katikati ya nyuzi.

Nikamuuliza patroni kwa heshima, Papa, mlipitisha karatasi kwenye kable? Juu hiyo njo kipimo, unafunga karatasi ya choo kwenye kable, unaivuta polepole toka mwisho mpaka mwisho, pale inanasa njo kuko uzi umekatika, mkono mtupu usiweke, itakuchana. Hakuniangalia. Akageukia wenzake akasema huyu mama amekuja kutufundisha kazi. Kisha akaniambia, Mama, hii ziwa haina chumvi, chuma ya inoksi haiozi, bwana yako iko wapi? Aje yeye, tutaelewana.

Bwana yangu! Mashua ni yangu mi na yaya yangu (ndugu yangu mkubwa), pesa alipokea kwa mkono wangu, siku ya kupokea hakuuliza bwana.

Ni kweli Kivu haina chumvi kama bahari, hilo sikatai, lakini nani amesema ni chumvi peke yake inakata kable? Puli ikikwama, kable haizunguki nayo tena, inasuguliwa palepale kila unapogeuza volani. Chumvi haina kazi hapo.

Kuko kijana anajifunza kazi pale, huyo Mungu ambariki, alinifuata na karatasi na petroli kidogo, akasema Mama usikasirike, tuangalie pamoja. Alipangusa graisi yote kwa subira, akapitisha karatasi. Upande wa kushoto, pale kable inageuka kwenye puli, ikanasa. Tukaangaza na torshe: uzi moja umesimama nje, na kando yake ingine imeanza kuchakaa. Puli yenyewe haizunguki. Ekseli yake haina hata ile pini ya kuzuia isichomoke, iko tundu tupu! Na klipu ya mwisho wa kable, ile chuma ya umbo la U na kikalio chake vyenye kubana kable pale imekunjwa, wameifunga kinyume, ile U inauma upande mrefu unaobeba nguvu, wakati inatakiwa ikalie kale kamukia kafupi, na kikalio kiwe kwenye ule mrefu. Kisha nikashika volani kwa nguvu isigeuke, yeye akasukuma ile nusu duara kwa mkono, ikacheza. Haitakiwi icheze. Wala usikaze kupita kiasi, kable na puli vinaliwa haraka.

Na kana ya dharura, ile fimbo ya chuma unachomeka juu ya ekseli ya usukani wenyewe kule nyuma kama kable imekatika? Kifuniko cha tundu yake walikipaka rangi, hakifunguki. Sasa uko katikati ya ziwa, chini yako zaidi ya mita 450 ya maji, upepo inakusukuma ubavu, unafungua na nini?

Mwezi wa 10 2024 tuliona boti yenye kutoka Minova inazama mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, ile ilikuwa mambo ingine, watu walikuwa wamezidi, lakini tangu siku ile mi siwezi kusikia mtu ananiambia "itaenda tu".

Nilitaka kuwapa nyota moja. Nikawaza yule kijana, nikasema mbili, juu ana mikono na ana adabu, mkienda ombeni yeye. Lakini apana. Kijana hana sauti pale, patroni alipomkuta na sisi alimfokea anapoteza muda, ndiyo, kuangalia kable ni kupoteza muda! Msiende. Au subirini kijana afungue yake, hapo mi nitakuwa wa kwanza.

Kable mpya tumeweka na fundi mwingine, zote mbili, hata ya kulia yenye ilikuwa inaonekana nzima. Pesa bado hajarudisha, anasema mpaka aongee na bwana. Ile ya zamani ninayo nyumbani, na fakture yake, yaya yangu anapeleka vyote kwa chifu wa kartiye wiki hii.