Mwaka wangu wa kununua sarafu za Kirumi: dinari ya Severus, kiboko wa Otacilia na nyingine tatu

Nilizaliwa Mwanza, nafanya kazi Leeds, na huu ni mwaka wa tatu nakusanya sarafu za Kirumi. Miaka miwili ya mwanzo nilinunua kila kilichokuwa rahisi. Safari hii nilijiwekea sharti: sarafu niweze kuisoma mwenyewe, na ije na karatasi inayoonyesha ilikopitia. Nimeongeza tano tu, kwa pauni 540 hivi. Naeleza kila njia ya kununua ilivyonitendea, maana nilipoanza sikupata mtu wa kunieleza haya kwa Kiswahili.

Ya kwanza niliipata Januari, kwenye maonyesho ya sarafu ya York, yanayofanyika uwanja wa mbio za farasi. Wauzaji hupanga meza ndani ya ukumbi na wewe unapita taratibu ukiangalia trei. Nilikuwa namtafuta Septimius Severus. Mtu huyu alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya ya leo, akashika utawala wa Roma mwaka 193. Mwaka 208 alikuja Uingereza na wanawe wawili, Caracalla na Geta, kupigana na watu wa kaskazini, na tarehe 4 Februari 211 akafia hapo hapo York. Mzaliwa wa Afrika, mtawala wa dola nzima, kafia mahali ambapo mimi nafika kwa treni chini ya nusu saa. Tangu nijue habari hiyo sikutulia.

Mzee mmoja alikuwa na trei mbili tu za sarafu za fedha. Aliniuliza kwanza natafuta nini na kwa nini. Nilipomweleza, akatoa dinari, yaani sarafu za fedha za Kirumi, tatu za Severus, akazilaza juu ya kitambaa, akanipa lenzi na mizani ndogo, akaniacha. Hakunihimiza. Nilikaa pale karibu saa nzima, na wateja wengine walipokuja aliwahudumia pembeni bila kuniondoa kitini.

Niliyoichagua ina maneno SEVERVS PIVS AVG BRIT kuzunguka kichwa chake chenye ndevu, na upande wa pili VICTORIAE BRIT, yaani ushindi wa Uingereza, pamoja na mungu wa kike wa ushindi. BRIT ya kwanza ni kifupi cha Britannicus, mshindi wa Uingereza, cheo alichojipa kwa vita vile vya kaskazini. Cheo hicho ndicho kinachoipa sarafu umri wake: iligongwa mwaka 210 au mwanzoni mwa 211, mwenyewe akiwa bado York au karibu na hapo, mgonjwa wa miguu. Ina uzito wa gramu 3.1. Si fedha tupu. Severus aliwaongezea askari mshahara, na ili pesa itoshe alipunguza fedha ndani ya dinari hadi karibu nusu. Ukiiweka kando ya dinari ya Augusto, mtawala wa kwanza wa dola ya Roma, ambayo karibu yote ni fedha, hata mng'ao unatofautiana.

Nililipa pauni 140. Nikapewa risiti yenye picha, na kikaratasi cha zamani cha mkusanyaji aliyekuwa nayo kabla, kimeandikwa kwa wino. Jioni nilimpigia mama. Nilipotaja dinari akaniuliza, "Mwanangu, dinari ile ya vibarua wa shamba la mizabibu?" Ndiyo hiyo. Katika Injili ya Mathayo kibarua alipatana kulipwa dinari moja kwa kutwa, na neno lenyewe tunalo mpaka leo, limetufikia kupitia Kiarabu. Huduma ya mzee yule ndiyo bora niliyoipata mwaka mzima.

Machi nilirudia kosa la zamani. Nilinunua mtandaoni fungu la sarafu 50 za shaba zisizosafishwa, kwa pauni 60. Zilikuja kwenye mfuko, zimeganda udongo. Nilizilowesha kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, nikibadilisha maji kila baada ya siku mbili, nikizisugua kwa mswaki laini. Baada ya wiki sita, 31 hazikuwa na chochote cha kusomeka. Mbili zilianza kutoa unga wa kijani kibichi. Huo ni ugonjwa wa shaba: chumvi ya kloridi iliyonaswa ndani huendelea kuila sarafu kila inapopata unyevu. Nilizitenga kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Nimebakiza moja kwenye trei. Inasomeka GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi: askari wawili wamesimama, katikati yao bendera mbili za vita. Chini kuna herufi TRS, maana yake karakana ya pili ya kugongea sarafu ya Trier, mji ulioko Ujerumani ya leo. Ni ya miaka 330 hadi 335, zama za Konstantino na wanawe. Vipesa vya aina hii wakusanyaji wengi huviita follis, na follis hiyo ndiyo iliyopita kwenye Kigiriki na Kiarabu hadi ikawa fulusi yetu. Naipenda. Lakini mafungu haya simshauri mtu yeyote kuyanunua. Hayana karatasi, na hakuna anayejua yalichimbwa shamba la nani, nchi gani, kwa ruhusa ya nani. Nikiitazama sasa swali hilo linanirudia, na sina jibu.

Mei nilinunua dinari ya Caracalla kwa muuzaji wa mtandaoni, pauni 70. Picha zilikuwa nzuri mno. Ilipofika, mizani ikasema gramu 2.6, wakati dinari za enzi hizo hukaribia 3.2. Uzito peke yake hautoshi kuhukumu, kwa hiyo nikachukua lenzi. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo: chuma kinatanuka kuelekea ukingoni, mara nyingi kinapasuka kidogo, na herufi zinasimama wima. Hii herufi zake zilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha tumika. Uwanda wake ulikuwa na vitundu vidogo vya mapovu, na ukingo una alama za tupa zilizopita mzunguko mzima, kama mtu aliyekuwa anaficha mshono. Ilimiminwa kwenye kalibu.

Kilichomaliza ubishi ni picha. Niliingia OCRE, hifadhi ya mtandaoni ya sarafu za dola ya Roma inayosimamiwa na American Numismatic Society, ambayo ni bure, nikajua aina yake. Kisha nikapekua kumbukumbu za minada nikakuta sarafu nyingine yenye mkwaruzo ule ule shavuni, urefu ule ule. Chapa moja, yaani kipande cha chuma kilichochongwa sura ya sarafu, inaweza kugonga sarafu maelfu zinazofanana sura, lakini mkwaruzo uliotokea baada ya kugongwa hauwezi kuwa kwenye mbili. Moja ilikuwa mama wa kalibu, au zote zilikuwa na mama mmoja. Nilimtumia muuzaji vipimo na picha. Alikataa mara mbili, akarudisha pesa baada ya wiki saba, gharama ya posta ikabaki juu yangu. Ziliniuma zaidi wiki zile kuliko pesa.

Agosti ikaja sarafu niliyoiota tangu nianze. Mwaka 248 Roma ilitimiza miaka 1,000 kwa hesabu yao wenyewe. Mtawala alikuwa Filipo Mwarabu, na sherehe zilikuwa na michezo mikubwa ya wanyama. Sarafu zilizogongwa kuadhimisha zina maneno SAECVLARES AVGG na wanyama wenyewe: simba, mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha, kulungu, swala. Ile ya mkewe, Otacilia Severa, ina kiboko.

Kiboko! Mimi nimekulia kando ya ziwa, najua anavyopumua usiku. Mchonga chapa wa Roma alimpa tumbo lake lote, miguu mifupi na pua nene, akamsimamisha akitazama kulia, chini yake tarakimu IIII ya karakana ya nne. Upande wa kichwa Otacilia amekaa juu ya mwezi mwandamo, alama kwamba hii ni antoninianus, inayodhaniwa kuwa na thamani ya dinari mbili. Nilimtumia mama picha bila maelezo. Akamtambua mnyama kabla sijaandika neno.

Hii niliipata mnadani London, kwa kushiriki mtandaoni, na hapa anayeanza asikilize hesabu. Nyundo iligonga, yaani mnada ulifungwa, kwa pauni 110. Ada ya mnunuzi asilimia 20, yaani pauni 22. Kodi juu ya ada hiyo, pauni 4.40. Posta yenye bima, pauni 12. Jumla 148.40. Kwa hiyo kikomo chako kipange kutoka jumla ukirudi nyuma. Mimi nilikiandika kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, nikaiweka mbele ya kompyuta. Maelezo yao yalikuwa ya kweli, hata doa dogo nyuma ya shingo walilitaja, na kifurushi kilifika siku ya tatu. Nitawarudia.

Oktoba nilinunua kwa posta, kwa muuzaji mwenye duka, dinari ya mtawala Hadriani ya miaka ya 130 yenye neno moja tu nyuma: AFRICA. Mwanamke amejinyoosha, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkono mmoja ameshika nge, mwingine pembe ya neema, na kikapu cha mazao miguuni. Africa yao ilikuwa jimbo la Karthago, Tunisia ya leo na jirani zake, Mwanza haikuwamo. Hadriani alilitembelea mwaka 128, na waandishi wa kale wanasema mvua iliyokosekana miaka mitano ilinyesha alipofika. Imechakaa, pua ya Hadriani karibu imekwisha, lakini ilikuja na kikaratasi cha mkusanyaji wa zamani, na ahadi ya maandishi kwamba ikithibitika si halisi pesa zinarudi wakati wowote. Pauni 165, na sikupunguziwa hata senti.

Kuna wanaoniambia karatasi ni urembo. Oktoba 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Kaisari, yenye kofia, majambia mawili na maneno EID MAR, yaani tarehe 15 Machi, kumbukumbu ya mauaji hayo, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya dola milioni 4. Baadaye waendesha mashtaka wa New York walibaini kuwa historia yake ya umiliki ilikuwa ya kubuni, na Machi 2023 ikarudishwa Ugiriki. Mnunuzi mwenye mamilioni alipotezwa na karatasi. Mimi mwenye pauni 165 nitazikagua.

Ya Desemba ni ndogo: tetradrakma, sarafu ya drakma nne, ya mtawala Probus kutoka Aleksandria ya Misri, pauni 25, ina tai na tarehe ya mwaka wa nne wa utawala wake kwa Kigiriki. Nilitaka moja ya mto Nile.

Zote tano ziko kwenye trei ya mbao ya mahogani. Mwaloni huepukwa kwa sababu hutoa asidi, na vifuko laini vya plastiki vya PVC hutoa utomvu unaoharibu chuma. Kando ya Severus nimeacha tundu moja wazi. Geta naye ana dinari yake ya VICTORIAE BRIT, na alidumu miezi michache tu baada ya baba yake: Desemba 211 aliuawa kwa amri ya kaka yake, jina lake likachongwa likaondolewa kwenye mawe dola nzima. Sarafu zilikuwa zimeshatawanyika mifukoni mwa watu. Yule mzee wa York ameniandikia kwamba anayo moja, ataniwekea mpaka Januari.