NASA Worldview kwa kufuata moshi wa moto wa nyika: inaona mbali, chini haioni

Ukitaka kujua moshi wa moto wa msituni umetoka wapi na umefika wapi, bila kulipa wala kufungua akaunti, NASA Worldview ndiyo pa kuanzia. Inafunguka kwenye kivinjari, ina zaidi ya matabaka 1,000 ya picha na vipimo, na picha nyingi huingia saa tatu hivi baada ya setilaiti kupita. Tunaipa nne kati ya tano. Alama moja tumeikata kwa sababu inamwacha mgeni aamini kwamba kila kilicho cheupe ni moshi na kila nukta nyekundu ni moto.

Anza na picha ya rangi halisi, ile inayoitwa Corrected Reflectance, na uchague ya VIIRS badala ya MODIS; hivi ni vyombo viwili vya kupigia picha vilivyo kwenye setilaiti. MODIS ya setilaiti za Terra na Aqua hupiga ukanda wa upana wa kilomita 2,330, kwa hiyo karibu na ikweta hubaki mapengo meusi kati ya mpito mmoja na unaofuata, na mkia wa moshi ukiangukia humo umeupoteza kwa siku nzima. Ukanda wa VIIRS ni kama kilomita 3,000, hauachi pengo. Isitoshe, VIIRS iko kwenye setilaiti tatu, Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21, ambazo hupita sehemu moja mchana karibu saa 7:30 kwa saa za hapo, zikipishana kwa chini ya saa moja. Weka picha za setilaiti mbili, moja juu ya nyingine, ficha na ufichue ya juu, utaona mkia ulivyosogea.

Kazi ngumu ni kutenganisha moshi na wingu. Kwa macho, moshi mwembamba una kijivu chenye usamawati, mzito huelekea kahawia, na kingo zake hufifia pole pole. Wingu lina kingo kali na mara nyingi hutupa kivuli. Lakini ukungu na mawingu membamba ya juu hudanganya hata waliozoea. Dawa yake ni tabaka la MODIS la Bands 7-2-1, picha ya rangi bandia iliyotengenezwa kwa bendi tatu za mwanga. Bonyeza Start Comparison, weka rangi halisi ya MODIS upande A na 7-2-1 upande B, kisha vuta kitelezi polepole juu ya eneo unalolitilia shaka. Wingu litabaki palepale, jeupe likiwa la matone ya maji au la rangi ya feruzi likiwa la barafu. Moshi utayeyuka na ardhi itatokea chini yake: mimea kijani kikali, sehemu iliyoungua nyekundu au hudhurungi. Bendi ya 7 hutumia mwanga wa mikromita 2.1, na chembe nyingi za moshi ziko chini ya mikromita moja, kwa hiyo mwanga huo unazipita. Karibu kabisa na moto, moshi mzito sana huweza kubaki kama utando; hapo usikate tamaa, fuata mkia kuelekea mbali. Hakikisha tu pande zote mbili zimetoka setilaiti moja, Terra kwa Terra au Aqua kwa Aqua, la sivyo unalinganisha saa mbili tofauti.

Baharini kuna mtego mwingine: mng'ao wa jua juu ya maji hutoa utepe wa fedha unaofanana sana na moshi. Utepe huo hufuata katikati ya mpito na hujirudia kwenye kila mpito, jambo ambalo moshi haufanyi.

Nukta nyekundu za moto ni msaada mkubwa wa kutafuta shina la moshi, ila zina masharti. Nukta ya VIIRS ni kitovu cha pikseli ya mita 375, si ukubwa wa moto. Mwali wa gesi kwenye kisima cha mafuta, volkano au kiwanda cha chuma navyo huwasha nukta. Wingu zito likifunika moto, nukta haitokei kabisa, hata kama msitu unateketea.

Moshi ukisafiri mbali hadi jicho likaupoteza, ongeza kielezo cha erosoli, yaani chembe zinazoelea hewani, cha chombo cha OMPS. Kinatumia miale ya urujuanimno na huona moshi hata ulio juu ya mawingu au theluji. Pikseli yake ni kubwa mno, kama kilomita 50, vumbi la jangwani nalo hukipandisha, na moshi uliolala chini hukipita bila kuonekana. Kipimo cha AOD, yaani jinsi chembe za hewani zinavyozuia mwanga, ni kizuri zaidi kwa unene: chini ya 0.1 ni anga safi, kufikia 1 ni utusitusi mzito. Kasoro yake ni kwamba moshi mzito kupita kiasi huweza kudhaniwa wingu ukafutwa, kwa hiyo tundu tupu katikati ya namba kubwa lisikufariji.

Kwa mwendo wa saa kwa saa kuna setilaiti za GOES-East, GOES-West na Himawari, picha kila dakika 10. Zinahudumia Amerika, Pasifiki, Asia ya Mashariki na Australia. Afrika na Ulaya hazimo, itabidi uende kwenye picha za setilaiti za Meteosat kwa EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa. Pima kwa rula ya Worldview umbali ambao ncha ya moshi imekwenda katika picha saba zinazofuatana, yaani saa moja: kilomita 45 ni mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Moshi huonekana vizuri zaidi jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Usiku GeoColor, picha ya rangi ya setilaiti hizi, haitakufaa, maana inageukia infraredi ambayo moshi huipitisha, na taa za miji unazoziona zimebandikwa tu.

Zoezi zuri ni 6 na 7 Juni 2023, moshi wa Quebec uliposhuka hadi New York. Tafuta mawingu yanayozunguka upande wa mashariki, pwani ya Kanada: yanazunguka kinyume cha saa, na ubavu wao wa magharibi ndio uliouvuta moshi kusini.

Hakuna tabaka hata moja kati ya haya linalokuambia kama watu wanauvuta moshi huo au unapita kilomita tano juu yao. Kwa hilo unahitaji kipimo cha ardhini cha PM2.5, yaani chembe ndogo sana zilizomo hewani. Kwa Amerika Kaskazini, ramani ya HMS ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, ambayo wachambuzi huchora mipaka ya moshi kwa daraja tatu za uzito, hukupunguzia kubahatisha, ingawa nayo inaangalia kutoka juu.

Majina ya matabaka ni ya Kiingereza, na kwenye simu ukurasa ni mzito na unakula bando, tumia kompyuta. Unapomtumia mwenzako kiungo, kinabeba tarehe na matabaka uliyoyachagua, lakini mwandikie pia kwamba saa zote ni za UTC.