Open Camera kwa picha za mandhari: ni nzuri, ila anza kwenye mipangilio

Open Camera ni programu ya kamera kwa simu za Android. Ni ya bure, haina matangazo ndani yake, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mtengenezaji wake ni Mark Harman, na inapatikana Google Play na F-Droid, duka la programu huria. Mimi naitumia kwa mandhari: vilima, maji, miti, majengo, barabara iliyolowa mvua. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu. Kwa watoto wanaokimbiakimbia au sherehe ya usiku, bakini na kamera iliyokuja na simu.

Wengi huipakua, hupiga picha chache, hawaoni tofauti, huifuta. Kosa liko mwanzoni kabisa. Kwenye simu kadhaa programu huanza ikitumia mfumo wa zamani wa kuongea na kamera, na mfumo huo huficha karibu kila kitu cha maana. Gusa alama ya gia, shuka hadi "Camera API", chagua "Camera2 API". Programu itajifunga na kujiwasha upya. Hapo ndipo vitelezi vya ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), muda wa shata (muda ambao mwanga huingia), joto la rangi na umbali wa fokasi hujitokeza. Mfumo huu umekuwemo ndani ya Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, lakini kila kiwanda huamua kitafungua mlango kiasi gani. Ndiyo maana simu mbili zenye Open Camera ileile huonyesha vitufe tofauti. Kama huoni chaguo hilo kabisa, simu yako haikuruhusiwa, na hakuna ujanja wa kulizunguka ndani ya programu.

Sasa anga. Picha nyingi za mandhari huharibikia hapo. Kihisi cha simu, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni kidogo, hakiwezi kubeba kwa pamoja mawingu yanayong'aa na ardhi yenye kivuli. Kamera ikiona ardhi nyingi huongeza mwanga, na anga linaishia kuwa jeupe pe. Kilichoungua kwenye picha hakirudi hata uhariri namna gani, bali kivuli unaweza kukiinua baadaye. Kwa hiyo daima pima kwa kufuata mawingu. Washa histogramu, mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye picha, halafu washa milia ya tahadhari, ile inayofanana na ya pundamilia, ambayo huchorwa juu ya sehemu zilizopitiliza mwanga. Gusa alama ya kuongeza na kupunguza, shusha kitelezi hadi milia iondoke mawinguni. Mara nyingi huwa kati ya -0.7 na -1.3. Jua lenyewe liache na milia yake, usilifukuzie. Kisha gusa kufuli ili kiasi hicho kisibadilike unapopanga upya fremu.

Ipo pia hali ya HDR, ambayo hupiga picha 3 zenye mwanga tofauti na kuziunganisha. Kwenye mawe na majengo hufanya kazi safi. Kwenye miti siku ya upepo huleta matawi yenye vivuli viwili viwili, kwa sababu kati ya picha ya kwanza na ya tatu jani limeshahama. Siku hizo chagua DRO, ambayo hunyanyua vivuli kwa picha moja tu. Rangi za HDR yake, kwa jicho langu, hupauka kidogo. Kuna wanaozipenda hivyo.

Kinachonifanya niiweke kwenye simu zaidi ya vyote ni kitelezi cha shata. Tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo umebaki na vitu viwili tu vya kuchezea: ISO na muda. Matone ya maji yanayoruka yagande, tumia 1/500 ya sekunde au kasi zaidi. Maji yateleze kama hariri, unahitaji 1/4 hadi sekunde 1, na ISO ya chini kabisa ambayo simu inatoa, kwa kawaida 50 au 100. Hapa watu hukwama: wanaweka sekunde 1 saa sita mchana na kupata karatasi nyeupe. Hesabu yake ni hii. Kwa tundu la f/1.8 na ISO 50, jua kali linataka takribani 1/4000. Kutoka hapo hadi 1/4 ni mwanga mara 1000 zaidi. Tundu huwezi kulifunga, basi itabidi uweke kichujio cheusi cha ND1000, kinachopunguza mwanga mara 1000, mbele ya lenzi, au urudi alfajiri ama jioni jua likishazama. Kwenye kivuli kizito cha msitu, ND64 hutosha. Kichujio cha kubana kwa klipu kikikaa upande, pembe za picha huwa nyeusi. Kikague kabla hujaondoka pale.

Shata ikiwa ndefu kuliko 1/30, tafuta stendi ya miguu mitatu au egemeza simu kwenye jiwe. Na usiguse skrini kupiga: kidole chenyewe hutikisa simu. Weka kipima muda cha sekunde 2. Ukishika kwa mkono, 1/60 ni salama kwa lenzi kuu, lenzi ya kuvuta mbali inataka 1/125 au zaidi, na majani yanayopeperushwa yanataka 1/250. Simu nyingine huinyima programu ya nje shata ndefu hata kama kamera yake ya kiwandani inayo. Kitelezi kikigota mapema, sababu ni hiyo.

Maua na wadudu: lenzi kuu ya simu kwa kawaida haishiki fokasi karibu zaidi ya sentimita 10 hivi. Ukiisogeza zaidi, ua huwa ukungu na nyasi za nyuma ndizo zinakuwa kali. Rudi nyuma kidogo, kata picha baadaye. Chagua fokasi ya mkono na uwashe alama za rangi zinazopaka kingo zilizo kali. Unaona papo hapo kama fokasi iko kwenye jicho la nzi au kwenye bawa. Kuna hali ya kupiga mfululizo wenye fokasi tofauti, lakini Open Camera huhifadhi tu hizo picha. Kuziunganisha ni kazi ya programu nyingine.

Mstari wa usawa katikati ya skrini hugeuka kijani simu inapokaa sawa. Uwashe usiuzime tena, upeo wa bahari uliopinda huharibu picha ambayo kila kitu kingine kilikuwa sahihi. Chaguo la kunyoosha picha kiotomatiki sina haja nalo kwa sababu hukata kingo.

Faili ghafi za DNG zipo. Picha ya megapikseli 12 hula takribani MB 24, wakati JPEG ya picha hiyohiyo ni MB chache tu. Picha 100 za DNG ni GB 2.4. Zikifunguliwa huonekana zimefifia na pembe zimeingia giza, na hilo ni kawaida, maana hazijapikwa. Snapseed na Lightroom huzifungua. Kama huna mazoea ya kuhariri, usiziwashe kabisa, utajaza simu bure.

Udhaifu mkubwa ni usiku. Kamera ya kiwandani hukusanya picha nyingi na kuzichakata kwa njia ambazo mara nyingi programu ya nje haizifikii. Hali ya NR hupiga mfululizo na kuchanganya ili kupunguza chengachenga, nayo husaidia kwa kitu kilichotulia, lakini mtu akipita anaacha mzimu. Kwenye baadhi ya simu utaona hali ya usiku ya kiwanda ndani ya Open Camera ikianza na herufi X; ukiiona, itumie. Lenzi pana na ya kuvuta mbali nazo hazifunguki kwenye kila simu. Na sura ya programu imesongamana, alama ndogondogo zimepangana pembeni. Ingia kwenye mipangilio ya skrini ufiche usizozihitaji.

Kabla ya kulaumu programu kwa picha yenye utandu mweupe, futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole hutawanya mwanga, hasa jua likiwa mbele yako.

Ukishapanga kila kitu, nenda "Settings manager" na uhifadhi mipangilio kwenye faili. Ukibadili simu na kuhamishia faili hiyo, utairudisha kwa mara moja, ila kwenye simu mpya thibitisha tena kwamba Camera2 imewashwa.